Maji ya chumvi na maji matamu katika bomba moja: mwongozo kamili wa kusahihisha modeli yako

Faili ninazoletewa na mafundi na wahandisi vijana wa Bahi, Chamwino na Chemba huja na swali moja. Mradi una visima viwili, kimoja cha maji matamu na kimoja cha chumvi, vinakutana njiani na kupanda tenki moja. Modeli ya EPANET, programu ya kukokotoa mtiririko na ubora wa maji mabombani, inasema kituo cha karibu na shule kina maji ya wastani. Akina mama wa kituo hicho wanasema chai hainyweki na sabuni haitoi povu. Nani anasema kweli?

Akina mama. Na mtu akishakubali hilo, hukimbilia kuchezea vigezo vya uchanganyikaji hadi namba zifanane. Hapo ndipo anapoharibu. Hesabu ya kuchanganya maji mawili ni rahisi, na EPANET inaifanya vizuri. Kosa kwa kawaida liko nyuma yake: pampu iliyochoka, kipenyo kilichoandikwa kimakosa, saa zilizopinda, au tenki ambalo halichanganyi kama tunavyodhani. Ukisahihisha uchanganyikaji kabla ya kusahihisha mtiririko, unapaka rangi ukuta wenye ufa.

Kwa hiyo hatua za hapa zina mpangilio, na mpangilio huo usiuvunje: mtiririko kwanza, kisha muda wa safari, kisha tenki, kisha maungio, na klorini mwisho kabisa. Namba za mfano nimezitunga ili hesabu ionekane, weka zako.

## Unachohitaji kabla ya kutoka ofisini

- Kipimo cha EC, yaani cha jinsi maji yanavyopitisha umeme, chenye uwezo wa kurekebisha joto hadi nyuzi 25.
- Maji ya kusawazishia kipimo yenye 1,413 µS/cm (maikrosiemensi kwa sentimita, ndicho kizio cha EC), na chupa ya maji yaliyochujwa ya betri kwa kusuuzia.
- Pipa la lita 200, ndoo ya lita 20, na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.
- Geji ya presha inayofungwa kwenye koki.
- Chupa ndogo 20 zenye vifuniko na kalamu isiyofutika kwa maji.
- Kamba ya mita 6 na chupa yenye uzito chini, kwa ajili ya tenki.
- Kompyuta yenye EPANET (ni ya bure) na Excel.
- Watu watatu wenye simu zilizowekwa saa moja kwa pamoja.
- Kifaa cha kupimia klorini kwa vidonge vya DPD, kwa hatua ya mwisho tu.

Ongeza ruhusa ya chombo cha watumia maji, taarifa kwa mtendaji wa kijiji, na fundi wa mradi mwenyewe. Bila fundi usiende. Mchoro wa mkandarasi unaonyesha kilichokusudiwa. Fundi anajua kilichofukiwa.

Hutahitaji kumwaga chumvi. Kwenye mito watafiti humwaga chumvi ili waifuatilie. Sisi wa kanda ya kati tumepewa chumvi bure chini ya ardhi. Tofauti ya EC kati ya visima viwili ndiyo alama yetu, na inasafiri ndani ya bomba usiku na mchana bila malipo.

## Hatua ya 1: Sawazisha kipimo, kisha usikiamini sana

Suuza, chovya kwenye maji ya 1,413, subiri namba itulie, rekebisha. Rudia asubuhi na jioni ya kila siku ya kazi.

Sababu: EC hubadilika kwa takribani asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Maji yaliyolala kwenye bomba la juu ya ardhi saa nane mchana Dodoma yanaweza kuwa na joto la nyuzi kumi zaidi ya yale yanayotoka kisimani. Kipimo kisichorekebisha joto kitakwambia maji yameongezeka chumvi kwa takribani asilimia 20, wakati kilichoongezeka ni jua tu.

Onyo: mpe kipimo dakika moja ndani ya maji. Kinarekebisha joto la kitambuzi chake, na kitambuzi kilichokaa mfukoni kina joto la mfuko.

Umefaulu ikiwa: sampuli moja ukiipima mara tatu tofauti haizidi asilimia 2.

## Hatua ya 2: Chora mradi ulivyo, si ulivyosanifiwa

Tembea bomba lote na fundi. Fungua kila chemba. Andika valvu iliyofungwa nusu, andika tawi la mtu binafsi lililoongezwa mwaka jana, andika mahali bomba la chuma lilipokatwa na kuwekwa la plastiki.

Sasa jambo ambalo limeangusha watu wengi kuliko jingine lolote, nami nikiwemo. Namba iliyoandikwa kwenye bomba la plastiki ni kipenyo cha nje. Bomba la 90 lenye unene wa milimita 5.4 lina kipenyo cha ndani cha milimita 79 tu. EPANET inataka cha ndani. Ukiingiza 90, umeliongezea bomba ujazo wa karibu asilimia 29, na maji ya modeli yatachelewa kufika kwa kiasi hichohicho. Mwaka wangu wa kwanza niliifanyia modeli nzima hivyo, halafu nikatumia wiki mbili nikitafuta "kasoro ya uchanganyikaji" ambayo haikuwepo.

Ukiwa njiani, kaa kwenye kila kituo na uulize maswali mawili: maji ya hapa yana chumvi? Yanabadilika saa ngapi? Usicheke majibu. Kwenye mradi wa pampu za sola utasikia: "Asubuhi ni matamu, adhuhuri yanageuka." Hiyo si imani. Pampu inayosukuma kutoka kina kirefu zaidi inahitaji jua kali zaidi kuanza, na ikiwa kisima kirefu ndicho cha chumvi, maji ya asubuhi yatakuwa ya kisima kifupi peke yake. Mama mmoja kwenye foleni amekupa mpangilio wa pampu zako.

## Hatua ya 3: Pima visima, EC na mtiririko kwa pamoja

Kwenye kila kisima pima EC na mtiririko. Kama mita ipo, soma mita. Kisha pima tena kwa pipa, maana mita za visimani huliwa na mchanga. Pipa la lita 200 likijaa kwa sekunde 180 ni lita 1.11 kwa sekunde.

Kwa pampu ya umeme vipimo vitatu kwa siku vinatosha. Kwa pampu ya sola pima kila saa tangu inapoanza hadi inapozima. Ni kazi ya kuchosha na hakuna njia ya mkato: wastani wa siku nzima hauna maana hapa, kwa sababu mchanganyiko wa saa tatu asubuhi si mchanganyiko wa saa saba mchana.

Onyo kuhusu saa. Andika kwenye daftari kwa saa za kompyuta tangu mwanzo. Saa mbili asubuhi ni 08:00. Nimeona daftari lililoandikwa "saa 2" likaingizwa kwenye modeli kama 2:00, na kituo kikaonekana kinahudumia foleni ndefu usiku wa manane. Saa sita zote zilikuwa zimeteleza, na aliyeingiza alikuwa mtu makini. Lugha yetu na kompyuta hazihesabu siku kutoka sehemu moja. Amua mapema nani atamfuata mwenzake.

## Hatua ya 4: Fanya hesabu ya makutano kwa kalamu

Hii ndiyo hatua yenye nyama. Fanya kabla hujawasha kompyuta.

Kisima A ni cha maji matamu: EC 640. Kwenye faili la mradi kinatoa lita 2.0 kwa sekunde. Kisima B ni cha chumvi: EC 2,480, lita 1.2 kwa sekunde. Vinakutana kwenye tii, yaani kiungio cha mabomba matatu chenye umbo la T. Mchanganyiko unatarajiwa kuwa:

(2.0 × 640 + 1.2 × 2,480) ÷ 3.2 = 1,330

Unaenda kwenye koki iliyo mita mia moja mbele ya tii, unapima, unapata 1,610.

Mtu wa haraka atasema maji hayajachanganyika vizuri. Subiri. Pima mara kumi ndani ya dakika tano. Ikiwa namba inarukaruka kati ya 700 na 2,300, basi kweli maji hayajachanganyika, sogea mbele zaidi. Ikiwa imetulia kwenye 1,610, maji yamechanganyika barabara; kilicho tofauti ni sehemu ya kila kisima.

Igeuze hesabu. Sehemu ya maji ya B ni:

(1,610 − 640) ÷ (2,480 − 640) = 970 ÷ 1,840 = 0.53

Kwa hiyo B anatoa asilimia 53 ya maji yote, si 37.5 kama faili linavyosema. Ikiwa B kweli anatoa lita 1.2, basi A anatoa takribani lita 1.08. Nenda kisima A na pipa. Linajaa kwa sekunde 180: lita 1.11. Pampu ya A inatoa zaidi kidogo tu ya nusu ya ilivyoandikwa.

Rudia hesabu na 1.11 na utapata 1,596, ukilinganisha na 1,610 uliyopima. Tofauti ya namba 14, chini ya asilimia 1. Hapo hujagusa kigezo chochote cha uchanganyikaji, na "tatizo la uchanganyikaji" limekwisha.

Tazama vizuri kilichotokea: kipimo cha EC kimegeuka mita ya mtiririko. Popote maji mawili tofauti yanapokutana, EC tatu (mbili kabla, moja baada) zinakupa uwiano wa mitiririko bila kukata bomba. Ninaitumia njia hii hata pale ambapo hakuna mtu anayelalamikia chumvi.

Onyo: njia hii hulegea visima vikifanana. Ikiwa EC ni 900 na 1,000, kosa dogo la kipimo linameza tofauti yote. Ukiona tofauti ni chini ya 300 hivi, tegemea pipa.

Umefaulu ikiwa: hesabu ya kalamu na kipimo baada ya tii vinatofautiana kwa chini ya asilimia 5 ya tofauti ya visima viwili. Kwa mfano wetu ni takribani 90 µS/cm.

## Hatua ya 5: Ingiza kwenye EPANET bila kuidanganya

Weka ubora wa maji kuwa kemikali, uipe jina EC. Programu itaonyesha mg/L. Usijali, namba unazoingiza ni µS/cm na hesabu ni ileile, kwa kuwa chumvi haiozi njiani. Vigezo vyote vya mmenyuko viwe sifuri.

Kisima cha umeme kiweke kama chanzo chenye EC yake pamoja na pampu. Kisima cha sola ni rahisi zaidi kukiweka kama nodi (nukta ambapo mabomba ya modeli hukutana) yenye matumizi hasi (maji yanaingia badala ya kutoka), ukaipa mpangilio wa saa 24 uliopima kwenye Hatua ya 3 na chanzo cha ubora cha aina ya konsentresheni.

Mambo manne madogo yanayoharibu kazi kubwa:

Muda wa hatua ya ubora uwe dakika 5 au chini. Mabomba mafupi yakikutana na hatua ndefu, maji yanaruka bomba zima.

Kiwango cha uvumilivu wa ubora, yaani tofauti ndogo kabisa ambayo programu huihesabu kuwa maji tofauti, huja kikiwa 0.01. Kimewekwa kwa ajili ya klorini. Kwa EC za maelfu, weka 5, la sivyo programu inagawa maji vipande vidogo visivyo na faida na kompyuta yako inapumua kwa shida.

Ubora wa mwanzo. Usipoujaza, mtandao mzima unaanza na EC sifuri, kama vile umejazwa maji ya mvua. Endesha siku 7 na usome siku ya mwisho peke yake.

Matumizi ya vituo yawe na umbo la kweli: mlima asubuhi, bonde mchana, mlima jioni. Siku ya mnada ina umbo lake. Ifanyie faili lingine au iache kabisa.

## Hatua ya 6: Zima kisima cha chumvi, fuata maji yanavyobadilika

Mpaka hapa unajua uwiano. Sasa unataka kujua lini. Njia ni kuzima B na kufuatilia maji matamu yanavyosafiri.

Kwa nini B na si A? Kwa sababu ukizima A, kijiji kizima kinapata maji ya chumvi tupu, na hutaruhusiwa kurudi. Ukizima B maji yanapungua lakini yanakuwa mazuri zaidi. Tangaza siku mbili kabla, epuka siku ya mnada, na hakikisha tenki lina maji. Funga valvu polepole. Mshtuko wa maji hupasua maungio yaliyochoka.

Weka mtu mmoja mahali bomba linapoingia tenkini, mwingine kwenye toleo la tenki, mwingine kituo cha mbali. Kila mmoja apime kila dakika 5, na namba ikianza kushuka apime kila dakika.

Muda wa kufika si pale namba inapoanza kushuka. Ni pale inapofika katikati. Kutoka 1,600 kwenda 640, katikati ni 1,120. Andika saa hiyo.

Mfano: kutoka tii hadi tenki ni mita 1,400, kipenyo cha ndani milimita 80, mtiririko sasa ni lita 1.11. Bomba lina takribani lita 7,040. Maji yanapaswa kufika kwa dakika 106. Wewe unapata 140.

Kuna maelezo mawili, na pipa linayatenganisha. Pima maji yanayomwagika tenkini:

- Ukipata pungufu sana ya 1.11, maji yanapotea njiani. Tembea bomba utafute majani ya kijani. Kiangazi cha Dodoma hakifichi uvujaji.
- Ukipata 1.11 ileile, basi bomba ni kubwa kuliko ulivyoandika. Lita 1.11 kwa dakika 140 ni lita 9,320, na ujazo huo katika mita 1,400 ni kipenyo cha ndani cha milimita 92. Hilo ni bomba la 110, si la 90. Muulize fundi, mara nyingi atakumbuka kwamba siku ya kulaza, la 90 lilikuwa limekwisha stoo.

Umefaulu ikiwa: muda wa modeli na muda uliopima vinatofautiana kwa chini ya asilimia 10 katika kila sehemu ya kupimia kabla ya tenki.

## Hatua ya 7: Tenki

EPANET ina tabia nne za tenki: MIXED, 2COMP, FIFO na LIFO. Isipoambiwa kitu huchukua MIXED, yaani kila tone linaloingia linachanganyika papo hapo na maji yote. Tenki halisi la mnara halina adabu hiyo.

Tumia jaribio la Hatua ya 6 hilohilo. Tazama toleo la tenki baada ya maji matamu kuanza kuingia:

EC ikishuka taratibu kama mteremko unaolala kadiri muda unavyokwenda, ni MIXED. Ikibaki ya zamani kwa saa nyingi kisha ikaanguka ghafla, maji yanapangana foleni: FIFO. Ikishuka haraka mno, halafu usiku tenki linapoteremka maji ya zamani ya chumvi yakarudi, ni LIFO: maji mapya yanapita njia ya mkato na ya zamani yamekaa. Ikiwa ni kati ya MIXED na LIFO, tumia 2COMP (tenki lenye sehemu mbili) na utafute sehemu ya tenki inayochanganyika kwa kujaribu 0.3, 0.5, 0.7.

Kipimo cha kuhakikisha MIXED: ikiwa kina cha tenki kimetulia kwenye lita 25,000 na lita 1.11 kwa sekunde zinaingia na kutoka, ujazo kwa mtiririko ni saa 6 na robo. Baada ya muda huo, tofauti iliyobaki kati ya EC ya toleo na ya maji mapya inapaswa kuwa asilimia 37 ya ile ya mwanzo.

Shusha pia chupa ya kamba, uchukue maji ya juu, ya kati na ya chini. Usiingie ndani ya tenki, na usipande peke yako.

Utashangaa kuona tabaka. Watu hudhani chumvi ndiyo inayozamisha maji. Kwa viwango vyetu joto lina nguvu zaidi: gramu moja ya chumvi kwa lita inaongeza uzito wa maji kwa takribani kilo 0.7 kwa mita ya ujazo, ilhali maji yakipoa kutoka nyuzi 30 hadi 25 yanaongezeka kilo 1.4. Tenki lililochomwa na jua mchana kutwa lina kofia ya maji ya moto juu, na maji mapya ya kisima yanapita chini yake kwenda moja kwa moja kwenye toleo.

Bomba la kuingizia nalo lina neno. Kasi ya maji yanayoingia ndiyo inayokoroga tenki. Kanuni ya makadirio: muda wa kuchanganyika kwa sekunde ni mara 10 ya ujazo uliopandishwa kwa kipeo cha theluthi mbili, ukigawa kwa kipeuo cha pili cha mtiririko mara kasi, vyote kwa mita. Mita za ujazo 30 na lita 2 kwa sekunde kupitia mdomo wa milimita 50: dakika 36. Kupitia mdomo wa milimita 100: dakika 71. Mdomo mpana unaonekana wa kisasa lakini haukorogi. Kanuni hii ni ya mdomo uliozama. Bomba linalomwaga kutoka juu, kama mengi ya kwetu, lina mwenendo wake, kwa hiyo amini chupa ya kamba.

## Hatua ya 8: Tii, krosi na ncha za bomba

Tii ya maji mawili kuingia na moja kutoka haina shida. Modeli iko sahihi, mradi upime mbali kidogo na kiungio.

Krosi ni habari nyingine. Pale mabomba mawili ya jirani yanapoingiza maji na mengine mawili yanayatoa, maji hugusana mabega na kuachana; kila mmoja anaelekea toleo la upande wake. EPANET inadhani yamechanganyika kabisa. Krosi ni chache vijijini, ila mitandao ya miji midogo inayo. Pima EC kwenye matoleo yote mawili. Zikitofautiana sana, vunja nodi hiyo iwe mbili zilizounganishwa kwa bomba fupi, kila moja na mwingio wake na toleo lake.

Ncha za bomba, kituo cha mwisho chenye koki moja: hapa mtiririko ukishuka chini ya lita 5 kwa dakika katika bomba la ndani la milimita 50, maji yanatembea kwa utulivu, ya katikati mbele na ya pembeni nyuma. Mpaka kati ya maji mapya na ya zamani unanyooka kama uzi wa mlenda. EPANET huuchora kama ukuta. Usijaribu kulirekebisha hili kwa kubadilisha kipenyo. Linganisha wastani wa saa badala ya vipimo vya dakika, uendelee.

## Hatua ya 9: Sasa, na si kabla, klorini

Klorini inachanganyika kama chumvi, na zaidi ya hapo inakwisha njiani. Ndiyo maana inakuja mwisho: mtiririko ukiwa na kosa, hutajua kipi kimepungua kwa kuchanganyika na kipi kwa kuoza.

Ikiwa dawa inatiwa kwenye bomba la A peke yake kwa 1.0 mg/L, faili la zamani (A lita 2.0) litakuambia baada ya tii ni 0.63. Kwa A halisi ya 1.11 ni 0.48. Hakuna kilichooza bado.

Kwa kiwango cha kuoza, jaza chupa sita za rangi ya kahawia maji yenye dawa kutoka baada ya tii, bila hewa, uziweke kivulini. Fungua moja baada ya saa 0, 1, 2, 4, 12 na 24. Ikiwa baada ya saa 12 imebaki asilimia 60 ya klorini ya mwanzo, kigezo ni 1.02 kwa siku.

Maonyo mawili: EPANET inataka kigezo hiki kwa siku, na kikiwa hasi. Andika −1.02. Ukiandika kwa saa, klorini yako haitaisha kamwe. Ukisahau alama ya kutoa, itaongezeka njiani, na nimewahi kuletewa ripoti iliyofurahia ongezeko hilo.

Kigezo cha ukuta, yaani cha klorini inayoliwa na ukuta wa bomba, anza na sifuri kwa plastiki. Kwenye kipande cha chuma cha zamani kipandishe kidogokidogo mpaka kituo kinachofuata kikubaliane. Lengo la kituo cha mwisho, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ni klorini huru isiyopungua 0.2 mg/L.

## Hatua ya 10: Jaribu kwa siku ambayo modeli haijaiona

Modeli iliyorekebishwa kwa vipimo vya Jumanne lazima ikubaliane na Jumanne. Rudi wiki mbili baadaye, pima vituo vyote asubuhi na adhuhuri bila kugusa faili, kisha linganisha. Nikipata vituo vinane kati ya kumi ndani ya 90 µS/cm, naikubali. Viwili vinavyobaki naenda kuvitazama, na kwa kawaida nakuta valvu.

Halafu rudi Februari. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili. Malambo yakijaa, ng'ombe hawaji tena kwenye kioski na wengi wanafulia korongoni. Matumizi yanaanguka, maji yanakaa tenkini muda mrefu zaidi, na mawingu yanabadilisha saa za pampu za sola. Modeli ya Julai itakuwa na kosa hapo hata kama mabomba ni yaleyale. Badilisha mpangilio wa matumizi na wa pampu tu. Vipenyo na tabia ya tenki uviache. Ukijikuta unalazimika kubadilisha kipenyo kwa sababu mvua imenyesha, rudi Hatua ya 4 na pipa lako.